Nani anayejibu kwanza? Kisa cha DHCP katika maabara ya kompyuta ya shule

Shule ni ya sekondari, ya bweni. Maabara yake ya kompyuta ina mashine 38, printa mbili na ruta moja iliyofungwa na kampuni ya intaneti. Kwa miaka kadhaa anwani za IP, yaani namba zinazoitambulisha kila mashine kwenye mtandao, ziliingizwa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, na mwalimu wa TEHAMA alizitunza kwenye daftari: mashine ya kwanza 10.20.0.11, ya pili 10.20.0.12, na kuendelea. Daftari lilitosha hadi mashine tatu ziliporudi kutoka kwa fundi zikiwa na Windows mpya, na mtu akazipa namba alizoona zinafaa. Tangu hapo Windows ikawa inatoa onyo kwamba anwani imegongana na ya mashine nyingine, printa zikawa zinapotea katikati ya kazi, na kila kipindi kikaanza kwa kusaka nani kakalia namba ya nani.

Ombi la shule kwetu mafundi wa mtandao lilikuwa fupi: wekeni kitu cha kugawa anwani chenyewe. Kitu hicho kipo, kinaitwa DHCP, na maelezo yake rasmi yanayotumika mpaka leo ni RFC 2131, waraka wa viwango vya intaneti wa Machi 1997, ulioandikwa na Ralph Droms. Kabla yake kulikuwa na BOOTP ya 1985, ambayo iliweza kuipa mashine anwani ila haikuwa na utaratibu wa kuikodisha kwa muda na kuirudisha. Huo ukodishaji ndio ulioleta unafuu mkubwa, na ndio utakaotusumbua mbele kidogo.

Swali la kwanza ni kwa nini isitumike DHCP ya ruta yenyewe, kwa sababu ruta karibu zote zinayo. Kwa nyumba ya watu watano ningesema itumike na watu wakalale. Kwa maabara, ruta ile ilikuwa na upungufu: haikuwa na sehemu ya kuifungia printa anwani yake ya kudumu, na haikuacha logi yoyote ya nani alipewa nini. Ukiwa na mashine 38 na huna logi, kila tatizo linakuwa la kubahatisha. Kompyuta moja ya zamani ya maabara, ambayo wanafunzi walikuwa wameshaikataa kwa uzito wake, ikawekewa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na kupewa kazi hiyo.

Kuhusu programu, ukitafuta maelekezo mtandaoni utakuta mengi bado yanafundisha isc-dhcp-server. Ilikuwa programu nzuri na imebeba mitandao mingi, lakini ISC, shirika lililoitengeneza, walitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba wameacha kuihudumia, na wanawaelekeza watu kwenye programu yao nyingine, Kea. Kea ni nzuri, ila kwa chumba kimoja ni nguo inayopwaya. Tulichagua dnsmasq ya Simon Kelley: faili moja la mipangilio, logi inayosomeka, na haihitaji mashine ya nguvu.

Kabla ya kuiwasha, DHCP ya ruta ilizimwa kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Kompyuta ya seva ikapewa anwani ya kudumu, 10.20.0.2, kupitia netplan, chombo cha Ubuntu cha kupanga mtandao, kwa sababu mgawaji hawezi kujiomba anwani mwenyewe. Kisha faili la /etc/dnsmasq.conf likawa hivi:

port=0
interface=enp2s0
bind-dynamic
dhcp-authoritative
dhcp-range=10.20.0.50,10.20.0.199,255.255.255.0,168h
dhcp-option=option:router,10.20.0.1
dhcp-option=option:dns-server,10.20.0.1
dhcp-host=xx:xx:xx:40:11:9c,10.20.0.10

Mistari mitatu inahitaji maelezo, mingine inajieleza. "port=0" inazima upande wa DNS wa dnsmasq, yaani kazi ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ubuntu ina huduma yake, systemd-resolved, ambayo tayari imekalia poti (mlango wa huduma kwenye mtandao) namba 53, na dnsmasq ikiamka na mipangilio yake ya kawaida inaitaka poti hiyohiyo, inashindwa, inazima. Watu wengi wanakwama hapo wakidhani wameharibu upande wa DHCP. "bind-dynamic" ipo kwa sababu ya umeme: kompyuta ikiwaka, dnsmasq inaweza kuamka kabla kadi ya mtandao haijawa tayari. Kwa mpangilio huu inaisubiri, hailalamiki na kufa.

Mstari wa mwisho ni wa printa. Nina msimamo hapa: printa isiandikiwe anwani ndani ya printa. Iachwe iombe kama wengine, na seva iitambue kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao, na kuipa namba ileile kila siku. Siku mtandao ukibadilika unabadilisha faili moja tu, huendi kubonyezabonyeza vitufe vya kioo kidogo cha printa.

Poti 67 ya UDP ikafunguliwa kwenye ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu), mashine za maabara zikarudishwa kwenye hali ya kupata anwani zenyewe, na daftari likawekwa kabatini. Kufikia hapo kazi yote haikuzidi asubuhi moja.

Mchana mwalimu akanipigia simu. "Fundi, nusu ya darasa wako hewani, nusu hawapo. Na wasiokuwepo wanabadilika."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na taarifa. Mashine mbovu hubaki mbovu. Hapa mashine iliyokuwa nzima saa nne ilikuwa haina mtandao saa sita, ukiizima na kuiwasha inapona, jirani yake anaugua. Kwenye mashine mojawapo iliyokwama, "ipconfig /all" ilionyesha anwani 192.168.0.104, na kwenye mstari wa DHCP Server ikaandika 192.168.0.1. Hakuna aliyepanga 192.168.0 yoyote katika shule ile. Logi ya seva yetu nayo ilikuwa imejaa mafungu ya namna hii:

DHCPDISCOVER(enp2s0) xx:xx:xx:1a:07:be
DHCPOFFER(enp2s0) 10.20.0.87 xx:xx:xx:1a:07:be
DHCPREQUEST(enp2s0) 192.168.0.104 xx:xx:xx:1a:07:be
DHCPNAK(enp2s0) 192.168.0.104 xx:xx:xx:1a:07:be wrong server-ID

Ukiyasoma taratibu ni mazungumzo kamili. Mashine inauliza kama kuna mgawaji. Seva yetu inajibu: chukua 10.20.0.87. Mashine inatangaza kwamba inachukua 192.168.0.104, namba ambayo seva yetu haikuitoa. Seva, kwa kuwa imeambiwa ndiyo yenye mamlaka, yaani ule mstari wa dhcp-authoritative, inakataa: hilo ombi limeelekezwa kwa mwingine. Kukataliwa huko kukifika kwa mashine kabla ya kibali cha yule mwingine, mashine inaanza upya. Kukichelewa, mashine inabaki na namba ya mgeni. Ndiyo maana wagonjwa walikuwa wanabadilika.

Hapo ndipo DHCP inapopaswa kueleweka vizuri, kwa sababu kuisakinisha ni kazi ndogo kuliko kujua jinsi mashine zinavyoaminiana ndani yake. Mashine isiyo na anwani haiwezi kumwita mtu kwa jina. Inatuma pakiti kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, kutoka poti 68 kwenda poti 67, na kila kilichounganishwa kwenye waya huo kinaisikia. Yeyote mwenye programu ya kugawa anaruhusiwa kujibu. Mashine haina namna ya kumuuliza kitambulisho, na karibu zote huchukua jibu la kwanza kufika. Ni mgeni aliyeshuka stendi usiku: wa kwanza kumshika begi ndiye anayempeleka. RFC 2131 yenyewe haikuficha jambo hili. Sehemu yake ya usalama inasema wazi kwamba DHCP kama ilivyo si salama. Mwaka 2001 ilitoka RFC 3118 ya kuongeza uthibitisho kwenye ujumbe wa DHCP, lakini kwenye mitandao ya kawaida hutaikuta.

Na katika mbio za kujibu kwanza, seva yetu ilikuwa inashindwa kwa uungwana wake. Kabla ya kumpa mtu anwani mpya, dnsmasq huipigia ping namba hiyo kuhakikisha hakuna anayeitumia kimyakimya, na husubiri kidogo. Kifaa cha bei rahisi hakina subira hiyo, kinajibu papo hapo. Kuna mpangilio wa "no-ping" wa kuondoa ukaguzi huo, na nimeona watu wakishauriana kuutumia ili seva yao iwahi. Ukifanya hivyo, wagonjwa watapungua na ugonjwa utabaki palepale, tena utakuwa umeondoa kinga dhidi ya migongano ileile iliyotuleta hapa.

Kumtafuta mjibuji wa pili kwenye swichi inayosimamika, yaani kisanduku cha kuunganishia waya chenye ukurasa wake wa mipangilio, ni kazi ya kusoma jedwali moja: unachukua anwani yake ya MAC kwa "arp -a", unaangalia iko kwenye tundu namba ngapi. Swichi za shule zilikuwa za kawaida, hazina ukurasa wowote wa kuingia. Ikabidi kwa mikono. Mashine moja iliyokuwa na namba ya 192.168.0 iliachwa ikiendesha "ping -t 192.168.0.1", mwanafunzi wa kidato cha tatu akasimama kwenye kioo, na waya zikachomolewa kwenye swichi mmoja mmoja na kurudishwa. "Imekatika!" Waya uliokatisha ping haukuwa na lebo. Ulipanda darini, ukapita juu ya stoo, ukashuka ofisi ya mhasibu.

Mama mhasibu alitupokea vizuri. Nyuma ya kompyuta yake kulikuwa na ruta ndogo ya mezani, ya matumizi ya nyumbani, aliyoletewa na kijana wake ili simu ipate Wi-Fi. "Inasumbuasumbua," alisema, "mara inakubali, mara inakataa." Waya wa kutoka maabara ulikuwa umechomekwa kwenye moja ya matundu manne ya LAN (ya mashine za ndani), si kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje). Tofauti ya matundu hayo ndiyo kisa chote. Ungechomekwa kwenye WAN, ruta ile ingekuwa mwombaji tu kama mashine nyingine yoyote, ikapewa anwani moja na kugawa za kwake kwa simu zilizo nyuma yake, bila maabara kusikia kitu. Ilivyochomekwa kwenye LAN, ilijiona iko nyumbani kwake na kuwagawia watu wa maabara anwani za mtandao usio na njia ya kutoka, kwa kuwa upande wake wa WAN haukuwa na chochote.

Ruta hiyo haikuja wiki ile. Ilikuwapo tangu muhula uliotangulia, na muda wote ilikuwa tayari kujibu. Hakuna aliyeisikia kwa sababu mashine za maabara, zikiwa na namba za daftari, hazikuwa zinauliza. Siku tulipozifundisha kuuliza ndipo jibu la pili likaanza kufika. Kwa hiyo mtu anayesema "kabla hamjaweka hii DHCP kila kitu kilikuwa sawa" anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado seva isiwe na kosa. Siku hizi, kabla ya kuwasha mgawaji mpya popote, ninatanguliza kusikiliza kama yupo mwingine. Kwenye kompyuta ya Linux iliyo kwenye mtandao huo:

sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover -e enp2s0

Amri hiyo inauliza kama mashine mpya inavyouliza, na kuorodhesha aliyejibu. Kabla hujawasha chochote, na ruta ikiwa imeshazimwa DHCP yake, jibu sahihi ni kimya.

Suluhisho la ofisini lilikuwa na njia mbili. Kuhamishia waya kwenye tundu la WAN kungemaliza kelele kwa sekunde tano. Lakini mkuu wa shule alitaka walimu waweze kuchapa mitihani kutoka kwenye simu na kompyuta mpakato zao, na hilo lilikuwa rahisi zaidi wote wakiwa kwenye mtandao mmoja na printa. Basi waya ukaachwa kwenye LAN, DHCP ya ruta ndogo ikazimwa, na anwani yake ikabadilishwa kutoka 192.168.0.1 kuwa 10.20.0.3. Ikawa daraja tu la Wi-Fi, na simu za walimu zikawa zinaomba anwani kwa seva ya maabara. Mashine zilizokuwa zimeshika namba za mgeni zilifanyiwa "ipconfig /release" na "ipconfig /renew", na mambo yakatulia kwa majuma mengi.

Yakatulia hadi mahafali ya kidato cha nne. Jumamosi ile wazazi walijaa, neno la siri la Wi-Fi likasomwa kwenye kipaza sauti, na kila mwenye simu akaingia. Jumatatu, safu ya nyuma ya maabara haikupata mtandao. Safu za mbele zilikuwa nzima. Mashine za nyuma zilionyesha anwani zinazoanza na 169.254, ambazo mashine hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye RFC 3927 ya 2005. Ukiona 169.254 usihangaike na waya kwanza. Soma logi ya seva. Ilikuwa imeandika "no address available", mistari na mistari.

Anwani za kugawa zilikuwa 150, kuanzia .50 hadi .199, na faili la /var/lib/misc/dnsmasq.leases lilikuwa na mistari 150. Kila mgeni wa mahafali aliondoka na anwani yake mfukoni, kwa siku saba, kwa sababu muda wa kukodi ulikuwa saa 168. Muda huo mrefu ulikuwa na sababu: mashine yenye muda ambao haujaisha inaweza kuendelea kutumia namba yake hata seva ikiwa imezimika, na kwa eneo la umeme wa kukatika hilo si jambo dogo. Mashine za mbele zilinusurika kwa sababu hiyohiyo. Zinatumika kila siku, na mashine iliyo hewani huomba kuongezewa muda ukifika nusu, kwa hiyo hazikuwahi kuachia. Za nyuma zilikuwa hazijawashwa tangu likizo fupi, muda wao ulikwisha, namba zao zikaenda kwa wageni.

Faili lile lilikuwa na jambo jingine la kufurahisha kwa mwenye kulisoma. Karibu anwani zote za MAC za siku ya Jumamosi zilikuwa na 2, 6, a au e kwenye herufi ya pili. Hizo ni anwani za kubuni: kuanzia Android 10 na iOS 14, simu kwa kawaida haionyeshi MAC yake halisi kwenye Wi-Fi, hujitungia nyingine kwa ajili ya mtandao husika. Ukitegemea herufi za mwanzo kujua kifaa kimetengenezwa na nani, kwa simu za sasa utaambulia patupu. Lakini alama hiyo yenyewe inakusaidia kutenganisha simu na kompyuta za maabara kwa jicho tu.

Dawa ya haraka ilikuwa kusimamisha dnsmasq, kufuta mistari ya wageni ambao walikuwa wameshafika makwao, na kuiwasha tena. Dawa ya kudumu ilikuwa kugawa dimbwi la anwani mara mbili, maabara na wasio maabara:

dhcp-host=xx:xx:xx:1a:07:be,set:maabara
dhcp-range=tag:maabara,10.20.0.50,10.20.0.99,255.255.255.0,168h
dhcp-range=tag:!maabara,10.20.0.100,10.20.0.199,255.255.255.0,1h

Mstari wa kwanza unarudiwa kwa kila mashine ya maabara. Mwalimu alizikusanya MAC zote 38 kwa kuzinakili kutoka kwenye logi. Mashine hizo zina namba 50 zao peke yao, kwa wiki. Simu zinashindania 100 zilizobaki, kwa saa moja moja, na mgeni akiondoka nafasi yake inarudi kabla ya chai.

Umeme nao ulileta lake, ila lilikuwa jepesi. Unaporudi, mashine zote zinawaka pamoja, na seva, ikiwa ndiyo kuukuu kuliko zote, inamaliza kuamka ya mwisho. Mashine ambazo muda wao ulikuwa umekwisha zinajipa 169.254. Windows hujaribu tena kila baada ya dakika tano, kwa hiyo anayesubiri anapata, lakini wanafunzi hawasubiri, wanazima na kuwasha. UPS ndogo ikanunuliwa kwa ajili ya seva na swichi, na kwenye BIOS ya seva ikawekwa iwake yenyewe umeme ukirudi.

Kilichobaki ni mlango ulioachwa wazi. Hakuna kinachomzuia mtu kesho kuleta ruta nyingine na kuichomeka vibaya bwenini au kwenye ofisi ya taaluma. Kwa sasa mwalimu anaendesha ile amri ya nmap kila Jumatatu kutoka kwenye kompyuta yake ya Ubuntu, na anajua kwamba anayetakiwa kujibu ni 10.20.0.2 peke yake. Kinga yenyewe iko kwenye swichi inayosimamika, ambapo unaiambia kwamba majibu ya DHCP yaruhusiwe kutoka tundu la seva tu na ya kwingine kote yatupwe. Swichi hiyo imeingizwa kwenye makisio ya muhula ujao. Mkuu wa shule ameuliza kama lazima iwe mpya, na jibu alilopewa ni kwamba hata ya mtumba ya matundu 24 inafaa, ilimradi menyu yake ina kipengele hicho, kiitwacho DHCP Snooping, na muuzaji ameirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani mbele ya macho yake.